Mwezi Ambao Shetani Hakuwapo

Naitwa Mbarak. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na naifanya kwa mkono huu huu ambao mwaka mmoja, katika miaka ya tisini, haukuweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Nimewaeleza wanafunzi habari hizi mara nyingi. Kila mara hutokea mmoja akaniuliza kama sioni haya. Naona, tena sana. Lakini haya hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kuniua, kwa hiyo siku hizi naiona na naendelea kusema.

Nilizaliwa na kulelewa Mji wa Kale, Mombasa. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, nikalelewa na Bibi, mamake Baba. Baba alikuwa karani wa ghala Shimanzi, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda sokoni. Alikuwa hasemi sana. Akikupenda utajua kwa kuwa atakuuliza umekula nini.

Nilikuwa na sauti nzuri ya kusoma Kurani, na kwa ajili hiyo mtaa mzima uliniita Ustadhi kabla sijaota ndevu. Nikipita barazani wazee husema, "Mtoto wa karani huyo." Nikipita kwa Mhindi wa duka la vitambaa husema vivyo hivyo. Kwetu mimi sikuwa mtu, nilikuwa mtoto wa mtu. Silalamiki, kwa sababu nililelewa vizuri na nilishiba. Lakini nilipofika miaka ishirini nilikuwa sijui, nikitolewa hilo jina la Baba, kinachobaki ni nini.

Nikaingia chuo cha ufundi hapa hapa kisiwani, kusomea uchoraji wa majengo. Darasani tulikuwa mchanganyiko: watoto wa Mombasa, watoto wa Kilifi na Kwale, na wengi kutoka bara ambao baba zao walifanya kazi bandarini na kwenye reli. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa Mutiso, Mkamba, mwana wa fundi wa reli. Alipanga chumba mtaa wa Tudor, na chumba hicho kikawa ndiyo baraza yetu baada ya masomo.

Jumamosi moja mchana tulikuwa vijana saba pale kwa Mutiso. Kulikuwa na dumu la pombe ya mnazi. Mmoja wao, jamaa mkubwa wa mwili aliyependa kutania, akanisogezea soda akasema, "Huyu mpeni soda. Watu wa Mji wa Kale ni halua na kahawa tu, pombe itamuua."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikachukua bilauri yake nikainywa yote.

Nitasema kweli: haikuwa tamu. Ilikuwa chachu na ina povu, ikanikereketa koo. Lakini nilikunywa ya pili, na ya tatu, na wakati jamaa yule mkubwa alipokuwa amelala chini anakoroma, mimi nilikuwa bado nimekaa wima nahadithia. Mutiso akanitazama akasema, "Bwana, wewe ni tangi."

Basi nikaitwa Tangi. Jumatatu chuo kizima kilikuwa kikiniita hivyo, wengine hata hawakujua jina langu jingine. Sijui nikuelezeje furaha ile. Hilo lilikuwa jina ambalo sikupewa na babangu wala na wazee wa barazani. Nililipata mwenyewe. Na jina kama hilo likishakuwa lako, utalilinda. Kila sherehe iliyofanywa watu walisubiri Tangi afike, na Tangi akifika hawezi kunywa kidogo.

Mutiso mwenyewe alikuwa anakunywa bilauri mbili, anaimba wimbo mmoja wa kwao, analala. Siku moja aliniambia, "Mimi nakunywa kwa sababu nimechoka. Wewe unakunywa kwa sababu tunakuangalia." Nilimcheka. Nikamwambia yeye ndiye hajui kunywa.

Kuficha nilijua, maana mtu aliyekulia Mji wa Kale hujifunza mapema kwamba kila dirisha lina macho. Nilitafuna iliki na karafuu. Nilikunywa kahawa chungu vikombe vitatu kabla ya kugeuza kona ya mtaa wetu. Sisi wachoraji tulikuwa na mikebe mirefu ya kubebea karatasi, na ndani ya mkebe wangu, katikati ya ramani, ilikaa chupa ndogo ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Nilipita nayo begani mbele ya wazee mchana kweupe, nao wakasema, "Tazama kijana asomavyo, hata Jumapili ana kazi." Baba alisikia maneno hayo na kifua kikampanuka. Kule Shimanzi wenzake walikuwa wakilia na watoto wao, huyu amezama kwenye unga wa kulevya, yule amekimbia shule, naye akiwaambia, "Wangu yuwasoma na watu wa bara, na swala haimpiti."

Sikuwa najiita mlevi. Mlevi kwangu mimi alikuwa yule mzee aliyekuwa akiyumba karibu na soko, suruali imelowa, anagombana na ukuta. Mimi nilikuwa mwanafunzi anayejua kujiburudisha. Na nilikuwa na ushahidi, ushahidi ambao nadhani ni mtu wa kwetu tu angeweza kuutegemea: mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwezi wa Ramadhani ulipoingia, niliacha pombe siku zote thelathini, wala sikuumwa hata kidole. Nikajiambia, mlevi gani huyo aachaye mwezi mzima? Kila nilipopata wasiwasi nilikumbuka Ramadhani ile, na wasiwasi ukatulia.

Lakini mwaka wa kwanza nilikuwa nakunywa Jumamosi. Mwaka wa pili ikawa Jumamosi na Jumatano. Kisha nikaanza kuamka asubuhi mkono unacheza. Mkono wa mchoraji si mchezo. Unashika kalamu ya wino, unaiegemeza kwenye rula, na mstari mmoja ukitetemeka karatasi nzima imeharibika. Nikagundua kwamba nikipiga funda mbili chooni kabla ya darasa, mkono unatulia kabisa. Mwalimu alisifu mistari yangu. Miezi minne hivi nilichora ramani safi kwa mkono uliolewa, na sikumwambia mtu yeyote.

Tumbo liliniwaka. Chakula cha Bibi nilikuwa nakidonoa tu. Asubuhi nilitapika maji ya kijani yenye uchungu, bomba nikiwa nimelifungulia ili asisikie. Jasho langu lilikuwa na harufu ambayo iliki haikuiweza. Bibi aliniambia nimekonda kwa sababu ya masomo, akaniwekea yai kila asubuhi. Mayai yale nayalilia hadi leo.

Sasa tufike kwenye mwezi wenyewe. Mwaka huo wa pili Ramadhani iliandama karibu na kufunguliwa kwa muhula wa Januari, jua la kaskazi likiwa kali. Kwetu siku za mwisho wa Shaabani watu huvunja jungu: hupika, hula, huenda matembezi, kwa kuwa mfungo umekaribia. Wenye tabia kama yangu nao wana jungu lao. Siku mbili nzima nilishinda Tudor nikinywa kwa ajili ya mwezi mzima. Wenzangu Wakristo walinisindikiza kwa makofi. "Tangi anafungwa bomba!" walisema. Nikawaambia tutaonana Idi.

Siku ya kwanza nilifunga. Kufika adhuhuri nilikuwa natetemeka mwili mzima na shati limelowa. Nilisema ni joto. Magharibi nilifuturu kwa tende moja na maji, nikatapika vyote. Usingizi haukunijia.

Siku ya pili chuoni mistari kwenye karatasi ilianza kutembea. Naona wino ukiondoka pale nilipouweka, unakuja mkononi kama sisimizi. Nikawa naupangusa. Mutiso akaja akanishika bega.

"Tangi, una nini?"

"Nimefunga."

"Mimi nimeona watu wengi wakifunga. Hakuna aliyekuwa hivi. Twende hospitali."

Nilimkataza, nikaenda nyumbani.

Alasiri ile Bibi alikuwa jikoni akipiga unga wa kaimati za futari kwenye bakuli kubwa. Nilisimama mlangoni nikamwambia kitwa chauma. Akaniita ndani, "Ndoo ukae, mwanangu." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia. Nilivyoambiwa baadaye, nilipiga ukelele mmoja, nikakakamaa, nikaanguka na bakuli la unga. Nilirukaruka sakafuni macho yamegeuka. Niliuma ulimi hadi damu ikachanganyika na unga. Nilijikojolea. Nilipozindukana nilikuwa mweupe kwa unga wa kaimati kuanzia nywele hadi kiunoni, na majirani wawili wananisomea Yasini.

Baba aliitwa kutoka kazini. Wakanipeleka hospitali kwa teksi.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani, mtu wa bara kwa sauti yake. Alinipima homa, akanitazama macho, akaniambia ninyooshe mikono. Ilikuwa inapiga kama mbawa. Akaiangalia kwa muda. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida tu:

"Kijana, unakunywa pombe?"

Baba alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kitanda. Kabla sijafungua mdomo, alisema, "Daktari, huyu yuwafunga."

"Nimemuuliza yeye, mzee."

"Nami nakujibu. Ni mwanangu, namjua. Pombe haijaingia nyumba yangu."

Daktari akanigeukia, akaniuliza tena. Nilimwangalia Baba. Kanzu yake ilikuwa na unga wa kaimati kifuani pale aliponibeba. Nikasema, "Sinywi."

Basi akaandika alichoweza kuandika. Nikatolewa damu ya kupimwa malaria, nikaanzishiwa dawa ya malaria, nikalazwa. Nilikuwa na malaria kama vile nyinyi mnaosoma sasa mlivyo na malaria. Nilikaa wodini natokwa jasho, naona sisimizi wa wino wakishuka ukutani, nikawa nawapiga kwa ndara na wagonjwa wenzangu wananicheka. Asubuhi ya siku ya tatu nikaanguka tena. Hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nilitapika nikiwa nimelala chali, na muuguzi aliyenigeuza ubavu ndiye aliyeniokoa, maana nilikuwa nimeshaanza kupaliwa na matapishi yangu.

Nilipopata fahamu, Bibi alikuwa kando yangu peke yake. Baba alikuwa amekwenda kumtafuta daktari. Bibi alikuwa na chupa ya kombe, maji ya maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa marashi, aliyoniletea ninywe. Lakini alikuwa hakuifungua. Ameishika tu mapajani.

Nikiwa hai sitamsahau Bibi wa siku ile. Alikuwa mwanamke mfupi, hakusoma shule, na alikuwa na akili ya kupanga mambo kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha.

"Mbarak," akasema, "majirani wasema una pepo. Wataka nimwite mwalimu wa pepo akupunge."

Akaigeuza ile chupa mapajani.

"Nimefikiri tangu jana. Huu ni mwezi wa Ramadhani. Mashetani wote wamefungwa minyororo mwezi huu, hata watoto wa chuo cha Kurani wajua. Hakuna shetani awezaye kumtupa mtu tini leo. Basi niambie mimi, mwanangu. Kama si shetani, huyu akutupaye ni nani?"

Ulimi ulikuwa umevimba umenijaa mdomoni. Nilijaribu kutafuta uongo mwingine na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili sikuupata. Nilikuwa nimechoka nao.

"Ni mimi, Bibi," nikasema.

"Wewe vipi?"

"Nakunywa. Nakunywa kila siku. Niliacha kwa ajili ya mfungo."

Machozi yalimtoka lakini uso haukubadilika. Akaiweka chupa ya kombe chini ya kitanda. Kisha akasema, "Babako yuwaja na daktari. Mwambie weye mwenyewe. Mimi simwambii, na ukimficha tena utakufa, nami nitakuzika nikijua."

Milango ya wodi ikafunguka. Baba alikuja mbele, daktari nyuma. Nasikia watu wakisema kwamba ushujaa ni kutoogopa. Mimi niliogopa. Nilikuwa na majina mawili na yote mawili yangekufa pale: Ustadhi, mtoto wa karani, na Tangi asiyeanguka. Nikamwambia daktari, si Baba, kwa sababu macho ya Baba sikuyaweza:

"Daktari, jana uliniuliza. Jibu langu lilikuwa uongo. Nakunywa pombe tangu mwaka juzi. Miezi minne sasa ni kila siku, hata asubuhi. Nimeacha siku tatu."

Daktari hakushangaa. Aliuliza ni pombe gani, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Nikajibu kila swali. Akamwita muuguzi, nikapigwa sindano ya kutuliza, nikawekewa maji ya mshipani na vitamini. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza.

"Mwili wako umezoea pombe kila siku. Ukiunyima ghafla unashtuka, ndiyo maana ya hizo degedege. Watu wanakufa hivi. Ulifanya vizuri kutaka kuacha, lakini ulipaswa kuja kwetu kwanza."

"Mwaka uliopita niliacha na sikuumwa," nikamwambia.

"Mwaka uliopita ulikuwa bado hujafika hapa."

Nilipoinua macho, Baba hakuwapo. Alikuwa ametoka kimya kimya. Hakurudi siku ile. Hakurudi kesho yake wala kesho kutwa. Bibi alikuja kila siku na chakula, na nilipomuuliza, alisema tu, "Yuko kazini."

Sisimizi waliondoka siku ya nne. Siku ya tano nikalala usingizi wa kweli. Niliamka nina njaa ya ajabu, nikala wali wote wa hospitali na kuomba mwingine. Daktari akaniambia nisifunge mwezi ule hata siku moja tena, nile mara tatu na kumeza dawa. Hilo lilinitia hofu nyingine. Mtaani kwetu, kijana mzima anayekula mchana wa Ramadhani hujulikana kabla kijiko hakijafika mdomoni. Bibi alikuwa ameshapanga: nitakaa chumba cha nyuma, pazia zimeshushwa, na majirani wataambiwa ni malaria.

Siku ya kutoka hospitali, Baba alikuja.

Alikuwa amevaa kanzu safi. Hakuniamkua kwa maneno. Alichukua mfuko wangu na chupa ya maji, tukapanda teksi, tukashuka pale ambapo gari haliwezi kuingia. Kutoka hapo hadi kwetu ni mwendo mfupi, lakini miguu yangu ilikuwa haina nguvu na jua lilikuwa la utosini. Mbele ya baraza ya Mzee Omari, jirani yetu wa miaka mingi, nilishindwa kuendelea. Nikakaa. Pale barazani walikuwa wazee wanne wanangoja adhuhuri.

"Masikini Ustadhi," akasema Mzee Omari. "Pole mwanangu. Malaria hii mbaya."

Jibu lilikuwa tayari limeshatengenezwa na Mzee Omari mwenyewe. Baba alikuwa na kazi ya kusema ndiyo tu. Nilimwona akikaza taya. Akafungua ile chupa ya maji, akanitilia kikombe, mchana wa Ramadhani, mbele ya wazee wanne.

"Si malaria, Mzee Omari," akasema. "Ni pombe. Mwanangu alikuwa akinywa pombe, nami sikujua. Sasa atibiwa. Kunywa maji, Mbarak."

Nilikunywa. Kikombe kilitetemeka na maji yakanimwagikia shingoni, Baba akanishikia kikombe hadi nikamaliza. Kisha akaniinua, tukaenda nyumbani. Pazia hazikushushwa.

Kupona hakukuja kwa siku moja, na anayewaambia hivyo anawauzia kitu. Mkono ulitetemeka wiki sita. Nilichora mistari kama ya mtoto, na mwalimu aliyenisifu akaniuliza kilichonipata. Nikamwambia. Akanipa karatasi za ziada nichore mistari mitupu, ukurasa mzima, kila alasiri. Nilichora mamia ya kurasa. Nilikasirika, nilichana, nikaanza tena.

Vijana wa Tudor walinitania. "Tangi limetoboka!" Jina likafa polepole, na nikiri kwamba nililililia. Kwa miezi kadhaa nilikuwa si Ustadhi wala si Tangi, nilikuwa kijana tu anayekunywa soda pembeni huku hajui aseme nini. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kutapika. Mwezi wa sita matokeo ya mtihani yalipotoka nilipita Tudor nikanywa bilauri moja. Moja tu, nikaondoka. Nilikwenda moja kwa moja Shimanzi, nikamkuta Baba kwenye mlango wa ghala kati ya malori, nikamwambia. Aliniuliza, "Umekula nini?" Nikamwambia sijala. Akanipeleka kula. Tangu siku hiyo sijaionja.

Mutiso ndiye aliyebaki. Aliliondoa dumu la mnazi chumbani mwake bila mimi kumwomba, na mwaka uliofuata, siku ya kuvunja jungu, alikuja kwetu Mji wa Kale akala kaimati za Bibi hadi akashindwa kusimama. Hadi leo husema hiyo ndiyo sherehe ya pekee aliyoona watu wakianguka bila kulewa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule ambaye aliuliza mara mbili, na muuguzi aliyenigeuza ubavu, ambaye jina lake sikupata kulijua. Namshukuru Bibi, Mungu amrehemu, aliyekataa kumsingizia shetani.

Na nyinyi mlio vyuoni, nina mawili tu ya kuwaambia. Kama unakunywa kila siku, usijifungie chumbani ukaacha peke yako ili watu wasijue. Nenda hospitali, useme kiasi chako chote bila kupunguza. Na ukiwa na sababu moja nzuri unayojipa kila mara kuonyesha kwamba wewe si mlevi, kama mimi na Ramadhani yangu, iangalie vizuri sababu hiyo. Mtu asiye mlevi hahitaji sababu kama hiyo.

Nilikuwa na siku ishirini na tisa za kufunga, zile nilizokula mwezi ule, na daktari aliponiruhusu nikaanza kuzilipa. Siku ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Asubuhi nilimkuta Baba mezani amekaa, birika la chai halijaguswa.

"Baba, hunywi chai?"

"Nimefunga."

"Wewe huna siku. Ulifunga mwezi mzima."

"Nnayo moja," akasema. Alichukua kofia yake akasimama, na nilidhani amemaliza. Akageuka mlangoni. "Daktari alikuuliza weye, nikajibu mimi."

Kisha akaenda kazini. Magharibi tukafuturu pamoja.